Tela la pikipiki: nunua kiungo cha kushukia, si cha kupandia

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na magunia, matenga na bei zake. Safari hii tunawaomba wasomaji watuvumilie tuzungumzie kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Kipande hicho ni kiungo, yaani kile kinacholishika tela nyuma ya pikipiki. Mfanyabiashara mdogo yeyote wa Morogoro anayepiga hesabu ya kufunga tela atakutana nacho, na hatari iliyopo ni kwamba atakinunua kama anavyonunua misumari, yaani kwa kuuliza bei tu.

Hoja yetu ni fupi na tunaisema mapema. Anayetaka kuleta mzigo kutoka Uluguru kwa tela asichague kiungo kwa kuangalia jinsi pikipiki itakavyopanda asubuhi ikiwa tupu. Achague kwa kuangalia jinsi itakavyoshuka mchana ikiwa imejaa. Akifanya hivyo atagundua kwamba viungo vinavyotengenezwa kwa urahisi havifai mlimani, kwamba tela lisilo na breki yake lenyewe halifai mlimani hata likiwa na kiungo kizuri, na kwamba faida ya kweli ya tela iko chini ya mlima, si juu yake.

KWA NINI TELA LINATAMANISHA

Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kinapita mita 2,600. Kati ya vimo hivyo viwili ndiko kuliko na bustani inayolisha mji na kupeleka ziada Dar es Salaam. Upande wa magharibi, Mgeta, Langali na Nyandira hutoa kabichi, viazi mviringo, karoti, njegere na matunda ya baridi. Upande wa mashariki, Kinole, Tegetero, Mkuyuni na Matombo hutoa ndizi, mananasi, machungwa, mdalasini na pilipili manga. Chini kuna masoko ya kupokea: Mawenzi, Sabasaba na lile jengo kubwa la Chifu Kingalu lililofunguliwa mwaka 2021.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ni jambo la kujivunia. Lakini kabichi haipandi treni Nyandira. Kabichi inatoka shambani kichwani mwa mama, inafika kwenye njia ya pikipiki, kisha inafika kwenye barabara ya gari. Gharama kubwa, na hasara kubwa ya mzigo kuchubuka na kuoza, viko katika kilomita hizo za mwanzo. Hili si jipya. Mradi wa usafiri vijijini wa Makete, ulioendeshwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa mwanakijiji ilisafiri kwa miguu, tena vichwani mwa wanawake, mbali na barabara ambazo serikali na wafadhili walikuwa wakizijenga.

Pikipiki imebadilisha mambo mengi tangu wakati huo. Kanuni za kuwapa leseni wenye pikipiki za biashara zilitoka mwaka 2010, na leo bodaboda ni gari la mizigo la mlalahoi. Hubeba gunia na tenga juu ya keria mahali ambapo Fuso haliingii. Basi mwenye vijisenti hujiuliza swali la haki kabisa: ikiwa injini ninayo tayari, kwa nini nisiongeze magurudumu mawili nyuma nikabeba mara mbili? Guta, au toyo kama wengi wanavyoliita, ni ghali zaidi na haliwezi kufanya kazi ya abiria. Tela unalifungua jioni na pikipiki inarudi kijiweni.

Hesabu hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba inapigwa kana kwamba Morogoro yote ni tambarare.

MZIGO WETU UNASHUKA

Kuna nchi ambazo mzigo hupanda mlima, kwa mfano saruji na bia zinazopelekwa kwenye miji ya juu. Uluguru ni kinyume chake. Pikipiki hupanda na chumvi, sabuni na mbolea kidogo, ikashuka na gunia juu ya gunia. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiungo cha tela hapa si kuvuta. Kazi yake kubwa ni kuzuia tela lisimsukume dereva.

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida. Pikipiki ina kilo 110. Dereva ana kilo 70. Tela pamoja na mzigo lina kilo 200, na kati ya hizo kilo 20 zimeegemea kwenye kiungo. Njia inashuka kwa asilimia 15, maana yake kila mita 100 unateremka mita 15. Mteremko wa namna hiyo si kitu cha ajabu katika njia zetu za mlimani.

Jumla ya msafara huo ni kilo 380. Mteremko unauvuta kwenda chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 57. Kinachoweza kuuzuia, ikiwa tela halina breki, ni matairi mawili tu ya pikipiki, ambayo yamebeba kilo 200, yaani pikipiki, dereva na zile kilo 20 za kwenye kiungo. Udongo ukiwa mkavu na umeshikamana, tuseme matairi yanaweza kushika kwa nusu ya uzito ulio juu yake. Hiyo ni nguvu ya kilo 100. Ukitoa 57, unabakiwa na 43 za kusimamishia kilo 380. Pikipiki hiyo hiyo ikiwa na dereva peke yake ingebakiwa na 63 za kusimamishia kilo 180. Maana yake, mwenye tela anahitaji umbali wa zaidi ya mara tatu ili asimame.

Sasa iwe masika, kati ya Machi na Mei, njia imelowa na utelezi umeanza. Mshiko wa matairi ukishuka hadi tatu ya kumi, nguvu ya breki inakuwa kilo 60. Mteremko bado unavuta 57. Zimebaki kilo 3. Kwa kilo 3 husimamishi msafara wa kilo 380. Unakanyaga breki na msafara unaendelea. Ukinzani wa matope utasaidia kidogo, lakini huo huwezi kuuongeza kwa mguu.

Hesabu hii haina siri wala haihitaji chuo. Tungependa kila anayetaka kununua tela aipige kwa uzito wake na mteremko wake kabla hajatoa fedha.

WENZETU WAMEWEKA MIPAKA

Kwa wale watakaosema tunatisha watu, tuangalie nchi ambayo ina barabara za lami na mvua nyingi. Nchini Uingereza, pikipiki yenye injini isiyozidi sisi 125 hairuhusiwi kuvuta tela. Inayoruhusiwa, tela lake pamoja na mzigo halitakiwi kuzidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Upana wa tela usizidi mita moja.

Theluthi mbili za kilo 110 ni kilo 73. Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu, ziwe Boxer, TVS au SanLG, ziko kati ya sisi 100 na 150. Kwa kipimo hicho baadhi zisingeruhusiwa kabisa, na zilizobaki zingevuta tela ambalo lenyewe likiwa tupu limekwisha kula sehemu kubwa ya ruhusa. Hatusemi sheria ya wengine iwe sheria yetu. Tunasema waliokaa na kupima, wakiwa na barabara nzuri kuliko zetu, walifikia kilo 73 mahali ambapo mtu wetu anafikiria 200 na kuongeza lumbesa juu.

VIUNGO VYA KUAZIMA

Tukija kwenye kiungo chenyewe, taabu kubwa ni kwamba fundi huazima umbo lake kutoka chombo kingine. Kila chombo kina tabia yake. Pikipiki ina tabia moja ambayo gari na trekta hazina: ikikata kona, inalala. Kiungo chake lazima kiruhusu mambo matatu kwa wakati mmoja, yaani kugeuka kushoto na kulia, kuinuka na kuinama kwenye mashimo, na kujizungusha pale pikipiki inapolala ilhali tela limebaki wima. Kiungo kinachonyima hata kimoja kati ya hivyo vitatu kitavunjika, au kitamwangusha mtu.

Cha kwanza ni pini ya pawatila. Tangu kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, pawatila na tela lake si kitu kigeni katika mabonde ya mpunga kama Dakawa na Kilombero. Kiungo chake ni vipande viwili vya bati nene na pini iliyosimama katikati. Ni rahisi, na fundi yeyote wa kuchomelea anakiweza. Lakini pawatila hutembea polepole na halilali kwenye kona. Ukikifunga kwenye pikipiki, kinageuka vizuri, kinainama kwa shida, na hakizunguki hata kidogo. Dereva akilaza pikipiki, tela linaikatalia. Kinachopinda kwanza ni pini, cha pili ni keria, na cha tatu ni mguu wa dereva.

Cha pili ni gololi ya gari, ile ya duara inayoingia kwenye kikombe. Hii ni bora kuliko pini kwa sababu inageuka na inainama. Kuzunguka inazunguka kidogo tu, kisha kikombe kinagota. Gari dogo halina haja ya zaidi ya hapo. Pikipiki inayo haja. Aidha, gololi zina vipimo. Iko ya milimita 50 na iko ya inchi moja na saba ya nane, ambayo ni karibu milimita 47.6. Anayeokota gololi ya aina moja na kikombe cha aina nyingine kwenye vyuma chakavu ataona vinaingiana, atafurahi, na kwenye shimo la kwanza kubwa vitaachana.

Cha tatu ni kiungo cha juu ya kiti. Hiki kina sifa duniani, kwa sababu Kambodia, nchi yenye pikipiki za kuvuta matela ya abiria na mizigo kuliko karibu nchi yoyote, inakitumia. Mkono wa tela unapita juu ya gurudumu la nyuma na kufungwa kwa pini nyuma ya kiti cha dereva. Uzito unakaa juu ya gurudumu linalovuta, kwa hiyo pikipiki ndogo inapata mshiko wa kuondokea. Mtu akiona picha zake atauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo.

Jibu ni kwamba Phnom Penh iko kwenye uwanda wa mto Mekong. Pale tela linavutwa, halisukumi. Kiungo kikiwa kwenye kimo cha kiti, tuseme sentimita 80 kutoka ardhini, msukumo wa tela wakati wa kushuka unaisukuma pikipiki kwa juu. Uzito unakimbilia gurudumu la mbele, la nyuma linakuwa jepesi, na breki ya nyuma inaanza kuteleza. Msukumo huo huo ukiingia kwenye kimo cha ekseli, karibu sentimita 30, nguvu yake ya kuibinua pikipiki inapungua kwa zaidi ya nusu. Wakati wa kupanda mambo yanageuka: kiungo cha juu kinavuta nyuma na kuinua gurudumu la mbele. Kwa hiyo kinachofaa uwanda wa Mekong kinaweza kufaa Mkata au Kilombero. Langali hakifai.

KIUNGO TUNACHOKIPENDEKEZA

Kinachofaa zaidi kwa mazingira yetu ni kiungo cha chini, kilichoshikwa na uma wa chuma kutoka pande zote mbili za ekseli ya nyuma. Uma unazunguka gurudumu na kukutana nyuma yake, karibu na tairi kadiri nafasi inavyoruhusu. Kila sentimita unayoliacha tela mbali na ekseli ni fimbo ndefu zaidi ya kuitikisa pikipiki.

Mwishoni mwa uma panafungwa krosi, ile inayopatikana kwenye shafti ya gari. Krosi inageuka na kuinama. Kwa ajili ya kuzunguka, mkono wa tela unatengenezwa kwa bomba ndani ya bomba, lenye bushi na grisi, na boliti ya kuzuia bomba la ndani lisichomoke. Hapo mambo yote matatu yamepatikana. Pikipiki ikianguka, tela linabaki limesimama, na dereva hasagwi kati ya vyuma viwili.

Mnunuzi akague mambo haya kabla ya kulipa:

Kwanza, uma usichomelewe kwenye fremu. Mabomba ya mkia wa pikipiki ni membamba, na moto wa kuchomelea unayadhoofisha pale pale pembeni mwa mshono. Ufungwe kwa boliti.

Pili, uma uruhusu ekseli kusogea. Cheni ikilegea, fundi husogeza gurudumu nyuma ili kuikaza. Uma usioruhusu hilo utafanya cheni isikazwe, na cheni legevu itakuja kuruka meno siku ya mzigo.

Tatu, boliti ziwe za chuma kigumu. Angalia kichwani, zilizoandikwa 8.8 ni afadhali mara nyingi kuliko zisizo na alama yoyote. Kila pini iwe na kifungo chake cha kuzuia isitoke.

Nne, kusiwe na nafasi inayogonga. Ukilishika tela kwa mkono na kulitikisa, usisikie sauti ya chuma kwa chuma. Tundu lililotanuka leo kwa milimita mbili litatanuka zaidi mwezi ujao.

Tano, kuwe na mnyororo wa akiba kati ya tela na uma, mfupi kiasi kwamba kiungo kikikatika mkono wa tela hautachimba ardhi.

Sita, mzigo upangwe hivi kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya uzito iegemee kwenye kiungo. Ukijaza nyuma, tela litainua mkia wa pikipiki na kuanza kuyumba. Ukijaza mbele mno, usukani unakuwa mwepesi. Mizani ya kupimia viazi inatosha kujua.

BREKI NI NUSU YA KIUNGO

Turudi kwenye zile kilo 3. Kiungo kizuri hakiziongezi. Kinachoziongeza ni breki kwenye magurudumu ya tela lenyewe, kwa sababu hapo uzito wa tela, badala ya kuwa adui, unakuwa mshiko. Kwenye mfano wetu magurudumu ya tela yamebeba kilo 180. Yakipewa breki, hata katika ule utelezi wa tatu ya kumi, yanaongeza nguvu ya hadi kilo 54. Msafara ambao haukuwa na uwezo wa kusimama sasa unasimama.

Wala si teknolojia ya kutoka mbali. Tela likitengenezwa kwa magurudumu ya mbele ya pikipiki yenye breki ya drumu, viatu vya breki viko tayari ndani. Kinachohitajika ni waya mbili zenye urefu sawa, kipande cha kuzigawia nguvu, na mkono wa breki kwenye usukani. Spea zake ni zile zile za pikipiki. Kwa maoni yetu, mtu yeyote anayekuuzia tela la kwendea Mgeta bila breki, hata akupunguzie bei vipi, hajakuuzia chombo cha biashara.

HESABU YA MWENYE MTAJI

Wasomaji wetu wanataka tarakimu, na wana haki. Tuweke mfano wa kubuni. Kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme tela la pini lisilo na breki linagharimu Sh. 900,000, na lile lenye uma, krosi na breki linagharimu Sh. 1,200,000. Tuseme ziada inayobaki kwa kila safari, baada ya petroli, tairi na fundi, ni Sh. 8,000, na safari ni 5 kwa wiki. Ziada ya wiki ni Sh. 40,000. Tela la rahisi linarudisha fedha baada ya wiki 23. Lile la ghali linarudisha baada ya wiki 30.

Tofauti yote ni wiki 7. Hizo wiki 7 ndizo bei ya kiungo na breki. Pikipiki ikilazwa gereji wiki mbili, na mwenye nyanya akadai nyanya zake zilizomwagika, tofauti hiyo inaweza kuwa imekwisha, hapo hatujaanza kuzungumzia mfupa wa mtu.

Hapa pana jambo ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Mara nyingi mwenye mtaji siye anayeendesha. Kijana anapewa chombo, anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na bosi yuko mjini. Anayechagua kiungo cha rahisi anaokoa Sh. 300,000 mfukoni mwake. Anayeshuka nacho kutoka Nyandira kwenye utelezi ni mwingine. Biashara ambayo faida ni ya mmoja na hatari ni ya mwingine huchagua vyuma vibaya siku zote, kwa sababu mchaguzi hasikii maumivu. Tungeshauri jambo dogo: kabla hajalipa, mwenye mtaji apande yeye mwenyewe tela likiwa limejaa, ashuke mteremko mmoja mrefu hadi chini. Hatajadili tena bei ya breki.

TELA LINGOJE CHINI

Je, basi tela halina kazi Morogoro? Linayo, tena kubwa, mradi liwekwe mahali pake.

Pikipiki peke yake, ikiwa na mzigo wa wastani kwenye keria, inashuka mlima vizuri kuliko ikiwa na tela. Kinachoipotezea fedha ni zile kilomita za tambarare kati ya mwisho wa mlima na soko, ambazo inalazimika kuzirudia kwa kila gunia. Hivyo basi, tela lingoje chini. Kwa wanaotoka Mgeta, lingoje Mlali au njia panda ya Sangasanga. Kwa wanaotoka vitongoji vya juu ya mji, lingoje Bigwa. Pikipiki ishushe mzigo mara mbili au tatu, uwekwe kivulini, kisha tela lifungwe na mzigo wote uingie sokoni kwa safari moja.

Kwa mpango huo, sifa ya kiungo inayolipa zaidi ni kufungwa na kufunguliwa haraka. Kiungo kinachohitaji spana mbili na nusu saa kitamfanya kijana aache kulifungua, na siku moja atapanda nalo mlimani kwa uvivu. Kiungo cha pini moja yenye kifungo, kinachofunguliwa kwa mkono kwa dakika moja, ndicho kitakachotii mpango. Bado kiwe cha chini, bado kizunguke, na bado tela liwe na breki, maana hata barabara kuu ya Iringa ina miteremko yake, na nyuma yako kuna malori ya Zambia ambayo hayajui kwamba umebeba karoti. Viakisi vyekundu na taa nyuma ya tela ni lazima, na mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatosha.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na tela linaloingia barabarani ni chombo kinachohusika nayo. Kabla ya kununua, mwenye mtaji aende na picha ya tela lake kwa maofisa wa usalama barabarani, TRA na LATRA aulize usajili na leseni. Kisha aende kwa kampuni yake ya bima apate jibu kwa maandishi, kwamba pikipiki ikiwa na tela bima yake bado inasimama. Jibu la mdomo halilipi hospitali.

Aidha, Morogoro ina bahati ambayo mikoa mingi haina. SIDO ina ofisi mkoani, VETA ina chuo Kihonda, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina wahandisi wa zana za kilimo. Tungependa kuona taasisi hizo zikikaa pamoja na mafundi wa mjini na kutoa karatasi moja tu: mchoro wa kiungo cha chini, vipimo vya uma, namna ya kugawa breki, na uzito usiozidiwa mlimani na tambarare. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kila gereji ya kuchomelea. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kila fundi kuendelea kuazima umbo la pawatila.

Mpaka hapo, ushauri wetu kwa wiki hii unabaki hivi. Mwenye biashara ya tambarare, Dakawa, Kilosa au ndani ya mji, anaweza kununua tela akiwa na kiungo cha chini na breki, na hesabu yake ikalipa. Mwenye biashara ya mlimani aiache pikipiki ipande peke yake na tela limngoje chini. Na mwenye kutaka kushuka na tela kutoka juu wakati wa masika, avute subira mpaka atakapoweza kulipia breki. Bei ya kabichi itapanda na kushuka kama kawaida yake, na msimu mwingine wa kununua tela upo.